Siri Zangu Nazisoma Mwenyewe

Watu wanapogundua kwamba natumia simu janja ilhali sioni, swali la kwanza huwa lile lile: simu hiyo hukusaidia vipi kuona? Nimelijibu kwa adabu miaka mingi, ingawa jibu langu huwashangaza wengi, kwa kuwa simu hainionyeshi kitu. Kilichobadilika tangu vifaa hivi vianze kuzungumza ni kwamba mambo yangu nayajua mimi kabla hayajajulikana na mtu mwingine, na mengine hayajulikani na mtu mwingine kamwe. Mwenye macho hauhesabu huo kuwa uwezo, kwa sababu hajawahi kuukosa. Kwa upande wangu, faragha ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupotea nilipoacha kuona, na ndiyo iliyochelewa zaidi kurudi.

Uwezo wa kuona niliupoteza nikiwa mtu mzima, kwa ugonjwa wa glakoma, ambao wengi mtaani huuita presha ya macho. Glakoma huharibu neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mara nyingi huanzia pembeni ikielekea katikati, bila maumivu, na kilichokwisha kuharibika hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Katika sensa ya 2019 zaidi ya watu 300,000 nchini Kenya walihesabiwa kuwa na ulemavu wa kuona. Kundi hilo si moja: wamo waliozaliwa hivyo na kusomea nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, tangu utotoni, wamo wenye uoni hafifu wanaohitaji maandishi yaliyokuzwa tu, na tumo sisi tuliojifunza kila kitu upya ukubwani. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu wa kundi hilo la mwisho.

Nilipoanza kuishi bila macho nilikuwa nikikaa kwa dada yangu huko Kasarani, na aliyenisomea ujumbe wa simu alikuwa binti yake, aliyekuwa bado katika shule ya msingi. Mtoto yule alikuwa na staha kuliko watu wazima wengi. Ujumbe ukiingia aliusoma kimya kwanza, kisha akauliza, "Mjomba, huu niusome ama niuache?" Swali hilo peke yake lilikuwa habari tosha. Nilijua limeingia jambo la deni, au la daktari, au maneno ambayo mtoto hakupaswa kuyatamka mbele ya mjomba wake. Nikimwambia asome, alisoma kwa sauti ya chini na kuruka pale alipoona haya. Nikimwambia auache, nilibaki sijui kilichoandikwa kwa jina langu, naye anakijua. Hakuna aliyenikosea katika hayo yote. Hata hivyo mtu mzima anayesomewa barua zake na mtoto huanza, pole pole, kuwaambia watu wasimwandikie.

Kilichonitoa huko ni kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo cha simu au kompyuta. Kwenye simu, kidole kikigusa mahali popote, sauti hutaja kilichopo. Ukitelezesha kidole kwenda kulia, hutaja kinachofuata. Ukigonga mara mbili, kilichotajwa hufunguka. Kwenye kompyuta kipanya hakina kazi, kila kitu hufanywa kwa kibodi. Simu za kioo laini zilipoanza kuenea, wengi waliamini kwamba zingetufungia nje kabisa, maana vitufe vya kupapasa vilikuwa vimeondolewa. Ikawa kinyume. Mwaka 2009 Apple iliweka VoiceOver katika iPhone 3GS, na mwaka huo huo mfumo wa Android ukapata TalkBack, ingawa simu za Android zilichukua miaka michache zaidi kabla ya kuweza kutaja kila kinachoguswa. Miongoni mwa wahandisi wa Google walioshughulikia kazi hiyo ni T. V. Raman, ambaye mwenyewe haoni, jambo ambalo naamini linaeleza kwa nini kazi ile ilikamilika.

Upande wa kompyuta una historia inayonipendeza zaidi. JAWS, kisoma skrini kilichotawala ofisi kwa muda mrefu, kimekuwapo tangu 1989, lakini bei yake ilihesabiwa kwa mamia ya dola, na mwajiri wa Nairobi aliyeisikia bei hiyo mara nyingi aligundua ghafla kwamba nafasi ya kazi imeshajazwa. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kuandika NVDA, na baadaye akaungana na James Teh, ambaye pia haoni. Programu hiyo inapatikana bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mimi hufanya kazi ya kusahihisha na kutafsiri miswada, na kila shilingi niliyopata kwa kazi hiyo tangu nipoteze macho imepitia NVDA. Ningelazimika kununua leseni kwanza, nisingeanza.

Kisoma skrini kina hali moja ambayo wenye macho hawaijui: unaweza kuizima picha yote, kioo kikawa cheusi tii, huku simu ikiendelea kufanya kazi kama kawaida. Katika matatu ya kwenda mjini, abiria wamebanana, jirani yangu humwona mtu mzima akipapasa kioo cheusi na kutabasamu peke yake. Kijana mmoja aliwahi kunigusa bega kwa huruma, akasema, "Mzee, simu yako imezima." Nilimshukuru na kuendelea kusoma barua pepe. Kila mwenye macho katika gari lile alikuwa anachunguliwa begani na aliyekaa nyuma yake, na simu yangu pekee ndiyo haikusomeka. Sauti nayo hakuna anayeisikia ila mimi, kwa kisikizi cha sikio moja, sikio la pili likibaki wazi kumsikia kondakta. Na hata ikitoka nje, tulioizoea tumeiongeza kasi kiasi kwamba mgeni husikia mvumo tu.

Suala la fedha ndilo lililonifundisha kwamba teknolojia inaweza kumtangulia mtu na kumwacha nyuma kwa wakati mmoja. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati simu nyingi mikononi mwa Wakenya zilikuwa za vitufe na hazikujua kuzungumza. Huduma iliyomwondolea mwananchi hatari ya kutembea na fedha ilimwongezea asiyeona hatari nyingine, kwa kuwa ilimbidi amtajie mtu mwingine nambari yake ya siri. Tuliwatajia watoto, wake, waume, majirani na mawakala wa dukani. Wapo waliotunzwa na wapo walioibiwa, na aliyeibiwa hakuwa na la kumwambia askari, maana nambari aliitoa mwenyewe. Leo menyu husomwa kwa sauti sikioni mwangu. Nikiandika nambari ya siri, sauti hutaja nukta tu badala ya tarakimu. Jina la mpokeaji hutajwa kabla fedha hazijaondoka. Na salio hulijua mimi. Binti wa dada yangu sasa ni mwanamke mwenye kazi yake, na hajui nina kiasi gani. Naona hilo ni jambo zuri katika uhusiano wa mjomba na mpwa.

Fedha taslimu nazo zimesogea kidogo. Noti mpya zilizotolewa mwaka 2019 zina alama pembeni za kugusa kwa kidole, na ukubwa wake hutofautiana, lakini noti iliyopita mikono mingi sokoni husagika, nami husita kuiamini. Nikiwa na hiari, hulipa kwa simu.

Hata hivyo si kila menyu ya fedha ilitufikiria. Zile za kubonyeza nyota na reli, hasa za taasisi ndogo za mikopo, huwa na muda mfupi sana wa kusubiri jibu. Sauti huanza kutaja chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na inapokaribia lile ninalolitaka, kikao kinakatika, narudi mwanzo. Aliyeuweka muda ule alijipima kwa macho yake, akaona sekunde chache zinatosha. Kurekebisha jambo hilo hakuhitaji uvumbuzi wowote, kunahitaji mtu wa kubadilisha tarakimu moja kwenye mfumo.

Lugha nayo ina mambo yake. Kisoma skrini husoma kwa kutumia sauti ya lugha fulani, na kwa muda mrefu sauti iliyokuwa tayari kwenye vifaa vyetu ilikuwa ya Kiingereza. Ikipewa sentensi ya Kiswahili huisoma kwa irabu za Kiingereza: "pale" na "wake" hugeuka kuwa maneno mengine kabisa, na msikilizaji hulazimika kukisia kilichoandikwa kutokana na kilichoharibiwa. Nilisoma hivyo miaka kadhaa, na nilichoka kwa uchovu ambao hauna jina. Sasa eSpeak, sauti huria inayokuja pamoja na NVDA, inakijua Kiswahili. Ni sauti kavu isiyopumua, lakini hutamka kila silabi mahali pake. Simu za Android nazo zina sauti ya Kiswahili iliyo laini zaidi.

Kinachobaki kuwa kigumu ni namna tunavyoandika Nairobi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp huanza kwa Kiswahili, ukapitia Kiingereza, ukaishia kwa Sheng au Kikuyu, na hakuna sauti ninayoijua inayoweza kugeuka pamoja nao. Kwa ujumbe wa marafiki sina lalamiko, huo ndio mji wetu. Kwa tovuti ninalo. Ukurasa wa mtandaoni unaweza kutangaza lugha yake ndani ya msimbo kwa herufi mbili tu, na kisoma skrini kikiziona hubadili sauti chenyewe. Magazeti na ofisi nyingi zinazochapisha Kiswahili huacha tangazo la Kiingereza lililokuja na kiolezo, kisha makala nzuri ya Kiswahili sanifu hunifikia ikiwa imevunjwavunjwa.

Kuna wanaodhani kwamba sauti imeyafanya maandishi ya nukta nundu kuwa kitu cha makumbusho. Mimi niliyejifunza nukta nundu nimeshapita ujana, na ambaye kidole changu bado husuasua, napinga wazo hilo kuliko wengi. Sauti haikuonyeshi tahajia. Mtoto anayesikiliza tu hukua bila kujua neno linaanza kwa herufi gani, alama za uakifishaji zinakaa wapi, au aya inaishia wapi. Anakuwa msikilizaji hodari ambaye hajawahi kusoma. Tatizo la nukta nundu lilikuwa uzito na gharama. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, ambayo imetumika katika shule zetu kwa vizazi, ilianza kutengenezwa mwaka 1951, na ina uzito wa karibu kilo tano. Kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa nukta nundu kwenye karatasi hujaza majuzuu kadhaa makubwa ambayo mtoto hawezi kuyabeba kwenda nyumbani.

Hapo ndipo kifaa kama Orbit Reader 20 kilipoleta nafuu. Ni kisanduku cha kushikwa mkononi chenye seli 20 mstarini, na ndani ya kila seli vijipini huinuka na kushuka kuunda herufi. Ukimaliza mstari unabonyeza, mstari mwingine unainuka chini ya vidole. Vitabu hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Vifaa hivi vimefikishwa katika shule za wasioona nchini kupitia shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa, na katika Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, shirika la inABLE la Irene Mbari-Kirika limeweka maabara za kompyuta ambamo wanafunzi hujifunza kutumia visoma skrini. Jambo moja kuhusu kifaa cha nukta nundu halisemwi vya kutosha: hakina sauti. Mwanafunzi anaweza kusoma barua ya mpenzi wake katikati ya bweni na pasiwe na wa kumsikia, na wakili asiyeona anaweza kupitia maelezo yake huku shahidi akiendelea kuzungumza.

Sheria iko upande wetu, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia nukta nundu au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013, ambao unaruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kidijitali kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na unaruhusu nakala hizo kuvuka mipaka. Kwangu mimi maana yake ni kwamba kitabu kilichokwisha kuandaliwa nchi nyingine hakihitaji kuandaliwa tena hapa. Tunachopungukiwa ni vitabu vya Kiswahili vya kuanzia.

Kuhusu kutembea mjini nina machache ya kusema, kwa sababu simu hapo ni msaidizi mdogo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha ramani ya njia za matatu katika mradi wa Digital Matatus, na data ile ikaingia kwenye ramani za simu, hivyo naweza kuuliza gari la kunitoa Roysambu hadi ninakokwenda na nikasikia niko kituo gani. Lakini ramani haijui shimo lililochimbwa jana kwenye njia ya miguu ya barabara ya Tom Mboya, wala mkokoteni uliosimama hapo asubuhi ya leo. Fimbo nyeupe ndiyo inayojua.

Jipya zaidi ni kamera. Huduma ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, ilimwunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kwa simu ya video. Kuanzia 2023 imeongeza akili unde inayoielezea picha bila kumwita mtu. Naitumia kila siku. Inanisomea tarehe ya kuisha kwa maziwa, rangi ya shati na jina lililoandikwa kwenye mlango. Inanisomea pia barua za ofisini zilizochapwa, na siku ya kwanza ilipofanya hivyo nilikaa muda mrefu nikiifanya irudie.

Ninayo hofu mbili juu yake. Kwanza, inapokosea hukosea kwa ujasiri ule ule inaotumia inaposema kweli, na asiyeona hana njia ya kutazama mara ya pili; kwa hiyo kipimo cha dawa bado namwuliza mfamasia. Pili, picha ya barua yangu huondoka mkononi mwangu na kwenda kwenye kompyuta za watu nisiowajua, ng'ambo. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini sheria hiyo hainiambii, ninaposimama jikoni na bahasha, kama ni afadhali siri yangu iwe kwa kampuni ya mbali au kwa jirani wa mlango wa pili. Mara nyingi nachagua kampuni. Jirani hukutana nami ngazini.

Kinachonikasirisha zaidi ya hayo yote ni vikwazo vya bure. Tangazo la mkutano wa chama hutumwa kama picha. Ratiba ya mazishi hutumwa kama picha. Waraka wa shule hupigwa picha ukiwa umekunjwa mezani, na kumbukumbu za kikao huandikwa kwa kalamu na kupigwa picha usiku chini ya taa hafifu. Kisoma skrini hutamka neno moja tu: picha. Mwandishi alikuwa na maneno yale yale kwenye simu yake kabla ya kuyapamba kwa maua, na angeyabandika chini ya picha bila gharama yoyote. Katika programu za simu tatizo ni vitufe visivyo na majina. Anayeona huona alama ya kikapu au ya kutuma. Mimi husikia "kitufe, kitufe, kitufe", na kimoja kati ya hivyo kitalipa na kingine kitafuta. Programu moja ya kuagiza bidhaa niliyoizoea ilisasishwa, kitufe cha kulipa kikapoteza jina, na kuanzia siku ile nikarudi kumwomba mtu anilipie. Tangu 2022 Kenya ina kiwango rasmi cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, hivyo mwenye kutengeneza programu hawezi tena kusema kwamba hajui afanye nini.

Baadhi ya ofisi, zinapotaka kujifunza haya, hualika wafanyakazi wafungwe vitambaa usoni na kutembezwa ukumbini. Nimehudhuria, na sipendi. Watu hutoka pale wakitokwa na machozi ya huruma, na vitufe hubaki bila majina. Afadhali ofisi imlipe mtu asiyeona kwa nusu siku, apitie programu yao mwanzo hadi mwisho huku aliyeiandika amekaa kando na daftari.

Na kuna eneo ambalo tunarudi nyuma waziwazi. Katika kliniki na kumbi za huduma za mjini zimeanza kusimamishwa mashine za foleni zenye kioo cha kugusa, zisizo na sauti wala vitufe vya kupapasa, na nambari ya anayeitwa hutokea ukutani kimya. Katika kliniki ninayopimiwa presha ya macho, kliniki ambayo sehemu kubwa ya wateja wake hawaoni vizuri, mashine hiyo inataka uchague kwanza umekuja kwa huduma gani. Humwomba askari wa mlangoni anibonyezee, naye, mbele ya watu wote waliopanga foleni, huanza kunisomea orodha ya magonjwa kwa sauti kubwa ili nimwambie langu ni lipi.